Kabare: Kabla ya vijiti vya mpaka, wakulima wasikilizwe

Katika vituo vidogo vya eneo la Kabare, jimboni Kivu ya Kusini, habari ya mtaa mpya wa nyumba haifiki kwa barua. Inafika kwa vijiti. Mkulima anaamka asubuhi, anaenda shambani kupalilia maharagwe, anakuta vijiti vimepandwa katikati ya mistari yake na kamba imevutwa kutoka kimoja hadi kingine. Kijana mwenye mita ya kupimia anamwambia kwamba yeye ametumwa tu. Aliyemtuma yuko Bukavu. Aliyenunua yuko Bukavu pia, au Kinshasa, au Ulaya.

Kuanzia hapo wakaaji wanapinga, na mara moja wanapewa jina: watu wanaokataa maendeleo. Jina hilo linawafaa wale wanaouza viwanja. Haliwafai wale wanaoitwa hivyo, na halisaidii kuelewa kwa nini mzozo wa nyumba unaendelea kuzaa uadui huko Miti, Kavumu na Katana, kando ya barabara ya taifa namba 2 inayotoka Bukavu kwenda uwanja wa ndege.

Ni kweli kwamba Bukavu inahitaji nyumba. Mji huo wenye komine tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, umejaa hadi kwenye miteremko ambayo haikupaswa kujengwa. Kila msimu wa mvua udongo unaporomoka na nyumba zinaondoka. Huko Kadutu moto ukishika nyumba moja unaruka hadi nyingine, kwa sababu hakuna nafasi ya kupita mtu, sembuse gari la zimamoto. Mwalimu au muuguzi anayetafuta kiwanja Kavumu ili watoto wake walale mahali pasipoporomoka hana kosa. Atalipa dola zake kwa komisioneri, atapewa karatasi yenye mhuri, na mara nyingi hatajua kwamba juu ya kiwanja hicho kulikuwa na mtu anayelima.

Lakini ardhi ambayo mji unaikimbilia si pori. Miti, Kavumu na Katana ziko kwenye ukanda mwembamba kati ya Ziwa Kivu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Upande mmoja ni maji. Upande mwingine ni msitu ambao ulifanywa hifadhi mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Katikati, wakoloni walijikatia mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinkina, na baada yao, kwa tangazo la Mobutu la Novemba 30, 1973, mashamba mengi kama hayo yakaingia mikononi mwa Wazaire, wengi wao wakiwa watu wa karibu na utawala. Familia za wakulima ziliishi kwenye mabaki.

Kahawa ilipoporomoka na mashamba hayo kuota magugu, wenyewe waliwaacha wakulima waingie. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: unalima, unatoa sehemu ya mavuno au siku kadhaa za kazi. Watoto walizaliwa na kukua juu ya makubaliano hayo. Leo warithi wa wenye hati wamegundua kwamba hekta moja ikikatwa viwanja inaingiza fedha ambazo kahawa haitaingiza kamwe, na neno la babu yao halina shahidi aliye hai.

Nje ya mashamba hayo makubwa kuna desturi ya Bushi, nayo pia haimkingi kila mtu kwa usawa. Aliyelipa kalinzi kwa mwami au kwa kiongozi aliye chini yake, zamani kwa ng'ombe, ana haki inayorithiwa na watoto wake. Mwenye bwasa ana haki ya muda tu, na haruhusiwi kupanda migomba wala mti wowote wa kudumu, kwa kuwa mti wa kudumu ungekuwa kama dai. Anapanda maharagwe na viazi vitamu. Wanaolima kwa bwasa ni wale wasio na ardhi yao, na wajane wamo wengi kati yao. Vijiti vikifika, hao ndio wa kwanza kuondoka. Hawana mgomba wa kuonyesha wala karatasi, na kiongozi aliyewapa shamba ndiye mara nyingine aliyeliuza.

Jambo hili la mwisho linasemwa kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu kijijini analijua. Serikali ilipotoa amri za Juni 2013 za kugeuza vituo vingi vya Kivu kuwa miji na komine, machifu wengi wa kimila walizipinga wakisema ardhi ya mababu itauzwa. Walikuwa na sababu. Hata hivyo, wapo viongozi wa vijiji waliotia sahihi zao kwenye karatasi za mauzo asubuhi na jioni wakasimama mbele ya raia kulaani wanunuzi. Wapo pia wakulima waliouza kipande cha shamba kulipa masomo au hospitali, kisha wakajiunga na wanaopinga pale jirani alipouza. Kuyasema haya si kuwatukana. Mtu anayeuza kwa shida ya siku moja na mtu anayekata hekta kumi kwa faida hawako sawa. Lakini upinzani ambao hauwataji wauzaji wake wa ndani utaendelea kushindwa mbele ya hakimu, kwa sababu upande wa pili utaleta sahihi hizo.

Kuhusu sheria, wengi wanarudia kwamba haiko upande wa mkulima. Ni kweli nusu. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kifungu cha 387 kiliingiza ardhi za jamii za wenyeji katika mali ya Serikali, na cha 389 kikaahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wenyeji juu ya ardhi hizo. Miaka zaidi ya arobaini ilipita bila amri hiyo kutiwa sahihi. Katika pengo hilo maofisa wa ardhi walipata mlango.

Nusu ya pili inasahaulika. Kifungu cha 166 cha sheria hiyohiyo kinasema kila mapatano juu ya ardhi ya vijijini, au juu ya ardhi ya mjini isiyo katika mpango wa viwanja uliokubaliwa, lazima yatanguliwe na uchunguzi. Kifungu cha 194 kinaeleza uchunguzi huo: ofisa anafika mahali penyewe, anakagua mipaka, anahesabu watu waliopo juu ya ardhi au wanaofanya kazi yoyote pale, anaandika kilichopo, kuanzia nyumba hadi miti, mito na njia, na anawasikiliza wenye malalamiko, hata wale wanaoyatoa kwa mdomo. Mtu wa bwasa amo ndani ya maneno hayo. Sheria haikuuliza kama ana hati. Imesema ahesabiwe na asikilizwe.

Kwa hiyo swali la kuuliza Kavumu kila vijiti vinapoonekana ni jepesi: uchunguzi ulifanyika siku gani, nani aliitwa, orodha ya watu waliohesabiwa iko wapi? Mara nyingi sana jibu ni ripoti iliyoandikwa ofisini na ofisa ambaye viatu vyake havikuwahi kupata matope. Mwenye shamba la zamani atasema hati yake ilitoka miaka mingi iliyopita. Lakini hati ya shamba la kahawa ilitolewa kwa kilimo. Kuigeuza mtaa wa nyumba kunahitaji ruhusa ya maandishi ya mamlaka iliyotoa ardhi, na kila kiwanja kinachokatwa humo kina mnunuzi mpya na mapatano mapya.

Mtego mkubwa uko katika kifungu cha 227. Cheti cha uandikishaji, kile ambacho konservateri anampa mnunuzi, hakiwezi tena kushambuliwa baada ya miaka miwili. Mkulima anayengoja kuona mambo yataishia wapi, anayepeleka kilio chake kwa mwami, kisha kwa shirika la raia, kisha kwa mbunge anayekuja wakati wa uchaguzi, anaweza kumaliza miaka hiyo miwili bila kugonga mlango wa mahakama hata mara moja. Akija kuugonga anaambiwa amechelewa. Pengine hata hakujua kwamba cheti kimetoka, kwa sababu vyeti havitangazwi sokoni.

Vita vimezidisha hatari hiyo. AFC/M23 ilipochukua uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha Bukavu mnamo Februari 2025, familia nyingi za ukanda huo zilihama, baadhi zikavuka hadi Burundi. Shamba lililoachwa halipigi kelele. Karatasi inayotiwa sahihi chini ya utawala mmoja inaweza kukataliwa na utawala mwingine, na kati ya hayo mawili mkulima aliyekimbia atarudi na kukuta msingi wa mawe mahali alipoacha mihogo. Yeyote anayesimamia ofisi ya ardhi ya Kabare kwa sasa, asiruhusu viwanja vipya kukatwa juu ya mashamba ya watu ambao hawapo kuhesabiwa. Na wanunuzi wajue kwamba bei nafuu ya leo ina sababu yake.

Kuna pia maji, jambo ambalo wakaaji wanalitaja kabla ya sheria. Mtaa unapandwa juu ya mlima bila mfereji, mabati mia moja yanamwaga mvua yote mahali pamoja, na maji yanashuka na udongo wa shamba la chini. Vyoo vinachimbwa juu ya chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota. Wauzaji hawaachi nafasi ya shule, wala ya soko, wala ya makaburi, maana kila nafasi ni kiwanja kisichouzwa. Anayesimama mkutanoni kuuliza watoto wa mtaa huo watachota wapi anaulizia maisha ya wanunuzi kama anavyoulizia yake.

Kinachohitajika hakingoji sheria mpya kutoka Kinshasa. Msimamizi wa eneo anaweza kusimamisha upimaji wowote usio na uchunguzi wa kifungu cha 194. Uchunguzi ukifanyika, ufanyike mchana, juu ya shamba lenyewe, kwa Mashi na Kiswahili, na orodha ya majina isomwe kwa sauti siku ya soko na makanisani, ili aliyesahauliwa ajitaje. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinatambua mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, na kinataka malipo ya haki yatangulie pale Serikali inapomnyang'anya mtu mali kwa faida ya wote. Kama Serikali yenyewe inafungwa na kanuni hiyo, ni vigumu kuona kwa nini mwenye shamba anayeuza viwanja kwa faida yake aondoe watu kwa kuwapa muda wa kuvuna tu. Na mashirika ya raia yanayowaandikia wakulima barua ndefu za malalamiko yangefanya vizuri zaidi kuwasindikiza hadi mahakamani kabla ya miaka miwili kuisha.

Yote haya yana saa yake. Msimu wa kwanza wa kilimo unaanza Septemba. Mwanamke aliyekuta vijiti katikati ya maharagwe yake lazima ajue kabla ya hapo kama atafute mbegu au atafute shamba lingine, na hadi sasa hakuna ofisi iliyomwita kumwambia.