Si lazima ubonyeze "Kubali Vyote"
Abiria wa matatu kutoka Ruiru kwenda Thika hutafuta bei ya viatu kwenye simu, kisha viatu vilevile humwandama katika kila ukurasa anaoufungua. Hiyo ni kazi ya vidakuzi, faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye simu, ubunifu wa Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994. Vingine vinafaa: bila hivyo, mwanafunzi angeingiza nywila upya kwa kila ukurasa wa tovuti ya chuo. Ninavyovipinga ni vya kampuni za matangazo ambazo msomaji hakuzitembelea kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini iwe ya wazi na ya hiari. Anayekusanya data ndiye wa kuthibitisha kwamba alipata idhini hiyo, na mwenye data anaweza kuiondoa idhini wakati wowote. Kitufe cha "Kubali" kikikolezwa rangi huku "Kataa" kikifichwa kurasa mbili nyuma, hiari iko wapi? Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, zuia vidakuzi vya kampuni za nje, futa vilivyorundikana. Kwenye saiba mjini Thika, ambako watu huingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kompyuta ya wengi, toka kwenye akaunti na ufute kila kitu kabla ya kuinuka. Tovuti ikikaidi matakwa yako kuhusu idhini, mlalamikie Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 ofisi yake iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.