Mbwa Anayechechemea Hakupigwa Jiwe Kila Mara

Katika soko la Otonglo, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Busia, mbwa mchanga akionekana akichechemea hapana anayeuliza sababu. Jibu huwa tayari midomoni mwa watu hata kabla ya swali: amepigwa jiwe na watoto, au amegongwa na bodaboda. Baada ya hapo shauri limekwisha. Mbwa huachwa ajilambe. Akipona amepona, na asipopona hufungwa kamba shingoni akapelekwa mahali ambapo watoto hawaambiwi.

Sikatai kwamba mawe hurushwa, wala kwamba pikipiki hugonga. Ninalolikataa ni ule wepesi wa kuridhika na jibu ambalo hakuna aliyelichunguza. Kwa maoni yangu, jibu la jiwe limewatesa mbwa wetu kuliko jiwe lenyewe, na nina ushahidi wa karibu, kwani mimi mwenyewe nilishiriki kosa hilo.

Jirani yangu alikuwa na mbwa dume wa miezi minane. Asubuhi moja mguu wa mbele wa kulia ulikataa kukanyaga. Siku ya nne mguu huo ukaonekana umepona, lakini maumivu yakahamia wa nyuma wa kushoto. "Mwalimu, huyu kapigwa jiwe tu," jirani akaniambia. Nikamwuliza ni jiwe gani hilo linalohama kutoka mguu hadi mguu. Tukacheka sote wawili, na kila mmoja akarudi kwake. Swali nililikuwa nalo mkononi, nami nikalitupa kwa kicheko.

Juma lililofuata mbwa alishindwa kabisa kuinuka. Jirani, kwa huruma na si kwa ukatili, alikwenda duka la dawa akanunua vidonge vya diklofenaki, vile tunavyomeza sisi tukiumwa na mgongo, akavificha viwili ndani ya tonge la ugali. Usiku huo mbwa alitapika damu. Afisa wa mifugo alipofika kesho yake alimkuta na kupe masikioni na baina ya vidole, ufizi umepauka kama karatasi, viungo vya miguu vimevimba, na joto la mwili limepita nyuzi 40. Akasema kuwa ugonjwa wenyewe ni wa kupe na una dawa. Lakini ugonjwa huo hupunguza zile chembe zinazogandisha damu, na diklofenaki hulichubua tumbo la mbwa mpaka likatoka damu. Mambo hayo mawili yalipokutana, damu haikusimama. Mbwa alikufa kabla ya jua kuzama.

Ni muhimu msomaji alielewe jambo hili barabara. Diklofenaki, ibuprofeni na nduguze, zinazotufaa sisi kwa kiasi, humharibia mbwa tumbo na figo. Parasetamoli humharibia ini na damu. Mwili wake hauzivunjivunji dawa hizi kama wetu. Daktari wa mifugo anazo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na hata hizo hazitoi kabla ya kujua anatibu nini.

Kupe wa kahawia aliyemdhuru mbwa huyo si mgeni kwetu. Ni wa ukoo mmoja na yule kupe wa masikioni anayewaletea ng'ombe wetu ndigana kali, ugonjwa ambao mwanafunzi hodari wa somo la Kilimo atakutajia dalili zake bila kufungua daftari. Kupe wa ng'ombe ana nafasi yake katika mtihani. Wa mbwa hatumwulizi. Mwanafunzi huyo huyo akitoka darasani akamkuta mbwa wa kwao na homa, na tezi zilizovimba, na kupe wanaoning'inia masikioni, atasema kapigwa jiwe. Elimu ameiacha kwenye dawati.

Kijidudu anachokibeba kupe huyu huitwa Ehrlichia canis. Kilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, nacho hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani huko Vietnam. Hapa Kenya ugonjwa wake uliwahi kuitwa kwa jina la mji wetu mkuu, ugonjwa wa kutokwa damu wa Nairobi, kwa vile baadhi ya mbwa walivuja damu puani. Lakini si wote wanaovuja. Wengine huanza kwa homa, kukosa hamu ya kula, na maumivu ya viungo, maana kinga ya mwili inapopambana na kijidudu, vita hivyo huishia viungoni. Dawa ya doksisaiklini, ikitolewa mapema na kwa muda wote anaoagiza daktari, ambao aghalabu ni kama majuma manne, huwaponya wengi. Sharti kupe nao waondolewe, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Kupe huyu huweza kumaliza maisha yake yote kwa mbwa, na baina ya mlo na mlo hujificha katika nyufa za ukuta na za banda, ambamo jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kumwogesha mbwa na kuliacha banda lilivyo ni kutwanga maji kinuni.

Sababu nyingine imo chunguni mwetu. Mbwa wa huku hulelewa kwa ugali, na kwa mwenye nacho, kwa mabaki ya nyama na matumbo. Vyakula hivyo vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mwili unaokua unataka kalsiamu walau ilingane na fosforasi, na afadhali izidi kidogo. Katika nyama tupu fosforasi huishinda kalsiamu zaidi ya mara kumi. Damu ikipungukiwa na kalsiamu, tezi ndogo za shingoni huilazimisha mifupa itoe akiba yake, na mifupa huliwa ndani kwa ndani kama boriti yenye mchwa. Mtoto wa mbwa wa namna hiyo hupinda miguu, hulia akishikwa mgongo, na aweza kuvunjika kwa kuruka kizingiti tu. Kisha husemwa, tena kwa yakini, kuwa amepigwa!

Ajabu ni kwamba tunaishi kando ya ziwa. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na omena waliosagwa na kuchanganywa na ugali humpa mbwa mchanga kile ambacho matumbo hayawezi kumpa. Hata mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta yauzwayo mtaani Obunga, ni mfupa mtupu, ila miiba yake mikubwa huchoma koo na haifai kutupiwa mbwa ilivyo. Nao wenye mbwa wakubwa, wanaowanunulia chakula cha dukani, wasikimbilie kuwaongezea unga wa mifupa juu yake. Kalsiamu ikizidi huharibu ukuaji wa viungo vya mbwa wa maumbo makubwa kama vile ikipungua.

Mbwa hao wakubwa wana mambo yao. Katika nyumba za vilima vya Riat utawaona wale wa asili ya Ujerumani, wenye masikio yaliyosimama. Kati ya miezi mitano na mwaka mmoja na nusu hivi, baadhi yao hupatwa na maumivu ndani ya mifupa mirefu, nayo huhama mguu hadi mguu kama yalivyohama kwa mbwa wa jirani yangu, kisha hukoma yenyewe. Wengine hurithi nyonga ambazo mfupa wake haukai sawasawa katika tundu lake. Hao hawafai kuzalishwa, hata mwenye mbwa akiahidiwa bei nono ya watoto. Msomaji ataona basi kwamba dalili moja, mguu unaohama, yaweza kuwa ya ukuaji utakaopita au ya ugonjwa utakaoua, na kwa macho tu ya mpita njia haziachani.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapohusika. Kazi ya kwanza si kutibu bali ni kutazama na kuandika: mguu upi, tangu lini, ni baada ya kulala au baada ya kukimbia, umebaki ule ule au umehama? Mbwa mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mbovu unapokanyaga, na hukishusha anapokanyaga ule mzima. Mtoto wa darasa la sita aweza kuliona hilo akiwa amekaa kibarazani. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, kwa hiyo mwenye 39 asidhaniwe ana homa kwa kipimo chetu cha 37. Chini ya nyayo hutafutwa mwiba, kigae, na funza, ambaye huku kwetu humwingia mbwa kama anavyomwingia mtoto asiye na viatu. Karatasi yenye maelezo hayo humpunguzia afisa wa mifugo nusu ya kazi yake.

Lakini kuna mpaka ambao mwanafunzi hapaswi kuuvuka. Mbwa aliyebadilika tabia, anayedenda mate, ambaye taya limelegea au sauti imegeuka, na ambaye kuchechemea kwake kunageuka kuwa kupooza, asishikwe na yeyote. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, maana dalili zikishamjia binadamu karibu hakuna anayepona. Hata mbwa mpole asiye na kichaa huuma akiguswa panapouma. Kwa hiyo watoto watazame, na kushika waachie wakubwa.

Nimesikia wakisema kuwa haya yote ni anasa, kwamba wapo watu wasio na dawa sembuse mbwa. Hoja hiyo siidharau. Kwa Kijaluo otonglo ni ile sarafu ya zamani ya senti kumi, na mbwa wa Otonglo wengi huhesabiwa kuwa na thamani hiyo hiyo. Lakini mbwa huyo ndiye anayelinda mbuzi usiku, na kupe anaowalea ukutani mwetu wako ndani ya nyumba yetu. Isitoshe, makosa niliyoyaeleza hayakutokana na umaskini. Vidonge vilivyomwua mbwa wa jirani vilinunuliwa kwa pesa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za mbwa zikiwamo. Mbwa wa mwananchi hukutana na maafisa hao siku ya chanjo ya kichaa, na mara nyingi hawakutani tena mpaka chanjo nyingine. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ombi langu kwa maafisa wetu wa kaunti ni kwamba siku za chanjo kama hiyo, sindano ikishapigwa, kila mbwa atembezwe hatua kumi mbele yao na masikio yake yafunuliwe. Na ombi langu kwa walimu wakuu ni kwamba watoe uwanja wa shule, na wawaruhusu wanafunzi wa Kilimo na Sayansi wakae hapo na madaftari yao wakiandika.

Jirani yangu amepata mtoto mwingine wa mbwa, jike wa miezi mitatu. Juzi nilimkuta akiziba nyufa za banda kwa udongo, na mwanawe amekaa chini akimtafuta kupe masikioni, mmoja mmoja.