Kava Kwanza, Kamera Baadaye

KONA YA SANAA
Na Zuhura Mbwana

Mwanafunzi akipewa kazi ya kutengeneza kichupa chuoni, swali lake la kwanza huwa moja: droni itapatikana wapi? La pili ni la gari. La tatu ni la binti wa kukaa juu ya boneti la gari hilo. Wimbo wenyewe husubiri, na kava la kuutangaza husubiri zaidi. Hutengenezwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, kwenye simu, kwa kipande kilichokatwa kutoka kwenye video na maandishi ya dhahabu yenye kumetameta.

Safu hii inaona kwamba utaratibu huo umesimama kichwa chini miguu juu. Kava ndilo la kuanza nalo. Asiye na fedha ndiye hasa anayepaswa kuanza nalo, kwa sababu kuwaza hakulipiwi kwa saa kama kamera.

Mfano bora wa jambo hili una asili ya hapa hapa pwani. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 1946, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Huko kijana huyo alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, magharibi mwa London, akamaliza mwaka 1969. Dunia inamkumbuka kwa koo lake, kwa jina la Freddie Mercury, na wachache tu hukumbuka kwamba alikuwa mchoraji wa kusomea. Nembo ya bendi ya Queen ni kazi ya mkono wake. Ina simba wawili, kaa mmoja na mabinti wawili wenye mabawa, ambazo ni alama za nyota za kuzaliwa za wanabendi wote wanne, na juu yao ndege mkubwa aliyekunjua mbawa. Aliichora kabla albamu yao ya kwanza haijatoka mwaka 1973, wakati bendi bado haina jina la kutisha mtu.

Mwaka uliofuata mpiga picha Mick Rock aliwapiga picha ya kava la albamu ya pili, Queen II. Nyuso nne zilitokeza gizani zikiwa zimepangwa kwa umbo la almasi, huku Mercury akiwa amekunja mikono kifuani na mwanga ukishuka kutoka juu. Hata wazo hilo lilikuwa na mzazi wake, nayo ni picha ya mwigizaji Marlene Dietrich katika filamu ya Shanghai Express ya mwaka 1932. Rock aliionyeshwa na rafiki yake mkusanyaji wa picha za sinema, akaibeba mpaka studio.

Kisha ikaja Novemba 1975. Bendi ilikuwa na wimbo wa karibu dakika sita, Bohemian Rhapsody, ambao sehemu yake ya kati ina sauti zilizorundikwa juu ya sauti kiasi kwamba kuuimba moja kwa moja kwenye televisheni kulikuwa balaa, na ziara ilikuwa mlangoni. Ikahitajika video ya kupeleka kwenye kipindi badala yao. Dairekta Bruce Gowers aliwafuata Elstree, walikokuwa wakifanya mazoezi, na kazi ya kurekodi ikaisha kwa muda wa saa nne hivi. Zile nyuso nne za kava la mwaka uliotangulia zikawashiwa taa upya, safari hii zikifungua midomo. Sura zilizozidi kuwa nyingi zilitokana na lenzi ya kioo chenye pande kadhaa iliyofungwa mbele ya kamera. Pale sura inapojirudia mpaka inapotea, kamera ilielekezwa kwenye televisheni iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyohiyo. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki 9.

Saa nne zilitosha kwa sababu sehemu ngumu ilikwishamalizwa. Nani anasimama wapi, mwanga unatoka upande gani, nguo ni za rangi gani: yote yalikuwa yamejibiwa na mtu aliyekuwa akitafuta picha moja tu, tena iliyotulia. Dairekta aliongeza mwendo. Wanaopenda kusema kwamba video ile ilibuniwa papo kwa papo husahau hiyo miezi ya nyuma yake.

Atakayesema Queen walikuwa na kampuni ya muziki mgongoni atakuwa amesema kweli, kwa hiyo tuhamie Nairobi.

Vijana wa Just A Band walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Machi 2010 walitoa video ya wimbo wao Ha-He, iliyoongozwa na wawili miongoni mwao, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Bendi yenyewe haikujiweka mbele. Mbele aliwekwa mbabe wa kubuni aitwaye Makmende, jina ambalo watoto wa Nairobi wa miaka ya 1990 walimbandika yeyote mwenye kujifanya nyota wa filamu za ngumi. Kitu kizima kilitengenezwa mithili ya trela ya filamu ya miaka ya 1970. Picha zilikuwa na rangi iliyochujuka, nywele zilitimka, wahusika waliletwa kwa majina makubwa ya kuandikwa kwenye skrini, na maadui walianguka kwa mpangilio wa kuchekesha.

Ndani ya siku chache mtandao wa Kenya ulijaa Makmende. Zilizuka kava za magazeti ya kimataifa zenye sura yake na noti za benki zenye sura yake, pamoja na utani usiohesabika kuhusu nguvu zake. Vyombo vya habari vya Marekani vikaandika kwamba Kenya imepata kichekesho chake cha kwanza cha kusambaa mtandaoni. Sababu za kusambaa kule zilikuwa nyingi, lakini moja haipewi uzito wake: mhusika yule alikuwa posta tayari kabla hajaanza kutembea. Ukimweka kwenye fremu moja bila sauti, unamjua. Nywele, kitambaa cha kichwani na mkao wake vinatosha mtu yeyote mwenye kompyuta ya nyumbani kumhamishia kwenye kava la gazeti. Nguo za namna ile hupatikana Gikomba au Karume kwa bei ya mitumba, na hakuna mkopo wa kukodi gari la kifahari unaoweza kununua mhusika wa aina hiyo. Chuchu na Masya baadaye waligeuka waongozaji wa filamu ndefu. Kati Kati ya Masya ilipata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la Toronto mwaka 2016.

Ufaransa nayo ina kisa cha kufanana, ingawa kifupi. Michel Gondry alikuwa mpiga ngoma wa Oui Oui, bendi ya vijana wa chuo cha sanaa, na video zao alizitengeneza mwenyewe. Björk aliziona, akamwita, na mwaka 1993 ikatoka Human Behaviour.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo makundi mengi ya wanafunzi huzama.

Wimbo wa dakika tatu na nusu una sekunde 210. Shoti zikidumu sekunde tatu tatu kwa wastani, video inahitaji shoti 70. Kundi linaloingia lokesheni na orodha ya shoti 15 litarudi na karibu moja ya tano ya video, kisha litaijaza kwa kurudia picha zilezile za msanii akitembea ufukweni. Tena kila shoti ya kuimba hurekodiwa kwa kupiga wimbo mzima au beti nzima. Mara nne kwa kila pembe, kwa pembe tatu, ni dakika 42 za wimbo kupigwa tu, mbali na kuhamisha taa, kubadili nguo na kumsubiri aliyekwenda kununua maji. Lokesheni sita kwa siku moja jijini, foleni ikiwa ile tunayoijua, ni ndoto. Mbili zilizochaguliwa vizuri zinatosha.

Halafu kuna spika. Safu hii inashangaa jinsi kifaa cha bei rahisi kuliko vyote kinavyosahaulika mara nyingi kuliko vyote. Msanii asiposikia wimbo wenyewe, kwa sauti kubwa, midomo yake haitakubaliana na maneno, na hakuna uhariri utakaomwokoa. Wimbo upigwe kwa spika yenye nguvu, usiwe wa simu iliyo mfukoni huku upepo wa Coco Beach unavuma. Anayetaka mwendo wa taratibu huku midomo ikienda sawa arekodi kwa fremu 50 kwa sekunde, aje kuzionyesha kwa 25, na siku ya kurekodi wimbo upigwe kwa kasi maradufu. Msanii ajizoeze kuimba haraka namna hiyo tangu nyumbani, la sivyo siku nzima itaishia kwenye vicheko.

Jua nalo lina ratiba yake. Katika ukanda huu wa Ikweta jua la mchana husimama utosini na kuyachimba macho ya msanii vivuli vyeusi. Ule mwanga laini wa jioni unaopendwa na kila dairekta hauchukui muda mrefu, kwani Nairobi giza huingia karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na Dar es Salaam haiko mbali na hapo. Mwanga huo usitumiwe wote kwenye video. Sehemu yake ni ya picha za kava.

Picha za kava zinahitaji zamu yao kwa sababu ya hesabu nyingine. Maduka ya muziki mtandaoni hutaka kava la mraba, na kipimo kinachotakiwa kwa kawaida ni pikseli 3,000 kwa 3,000, yaani milioni 9. Fremu ya video ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Mraba mkubwa kabisa unaoweza kukatwa humo una pikseli milioni moja na ushei, karibu moja ya nane ya kinachohitajika. Kuinyoosha picha hiyo ni kuongeza ukungu. Kwa posta ya A3 ya kubandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo, mchapaji anayejua kazi atataka pikseli 3,508 kwa 4,961. Basi mmoja wa kundi akabidhiwe kamera ya picha mnato tu, na apewe dakika zake kabla msanii hajavua nguo na kufuta vipodozi.

Kava lenyewe litaonwa na wengi kwenye simu, likiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Majina matano ya washiriki, namba ya simu ya prodyuza na nembo za mitandao ya kijamii havisomeki kwa ukubwa huo, na kampuni za kusambaza muziki hukataa kava lenye anwani za tovuti au nembo za aina hiyo. Kwenye YouTube kona ya chini kulia hufunikwa na muda wa video, na ajabu ni kwamba ndiko wengi hupenda kuandika jina la wimbo. Posta ikifika stesheneri, bluu kali na kijani cha kung'aa hufifia, kwani skrini hutengeneza rangi kwa mwanga na mashine ya kuchapa hutumia wino. Nakala moja ya majaribio ichapwe kwanza kabla ya kulipia hamsini.

Sheria iguswe kwa kifupi. Hapa Tanzania sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo ya kuulizwa kuhusu vibali vya kurekodi. BASATA ipo kwa msanii na COSOTA kwa haki za wimbo. Njia nyepesi kwa mwanafunzi ni kutafuta mwenzake wa chuo mwenye wimbo wake mwenyewe, wakaandikiana ruhusa kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili.

Wapo watakaolalamika kwamba mipango mingi huua uhai wa kazi. Huwa wanatoa mfano wa Bob Dylan mwaka 1965, nyuma ya hoteli ya Savoy jijini London, akidondosha karatasi zenye maneno ya wimbo mbele ya kamera ya D. A. Pennebaker. Inaonekana kama mchezo wa dakika mbili. Lakini karatasi zile ziliandikwa kwa mkono kabla ya siku hiyo na Dylan na rafiki zake, na walirekodi mahali pengine pia kabla ya kuchagua kichochoro kile. Miaka arobaini na moja baadaye OK Go walicheza juu ya mashine nane za kukimbilia kwa shoti moja isiyokatwa. Nao walifanya mazoezi mpaka miguu ikajua njia.

Katika mtihani wa A-Level wa Cambridge, somo la Media Studies, mwanafunzi anayechagua muziki hutengeneza furushi zima: video, kava la albamu na ukurasa wa bendi mtandaoni. Vitu hivyo vinahesabiwa kuwa kazi moja. Mwalimu wa chuo chochote hapa kwetu anaweza kufanya vivyo hivyo bila kusubiri waraka wa wizara. Wiki ya kwanza kundi lilete mchoro wa penseli wa kava, mdogo, usio na maneno, na uonyeshwe kwa wanafunzi watatu ambao hawajausikia wimbo. Wakikisia wimbo wa harusi kumbe ni wa msiba, kundi likachore tena. Wiki ya pili waje na nguo na rangi, ya tatu na orodha ya shoti 70 pamoja na jina la mwenye spika. Mtunza stoo aambiwe asitoe kamera kwa kundi lisilo na sahihi ya mwalimu kwenye karatasi hizo tatu, hata wakija na droni yao.