Avokado kichwani, ushuru dukani: Kondishona ya jikoni inakusaidia kweli?

KAMA ulisomea shule ya umma nchini Kenya, huenda hukuwahi kuzijua nywele zako hadi ulipomaliza Kidato cha Nne. Ulinyolewa wikendi kabla ya shule kufunguliwa. Ukarudi likizo, zikaanza kuchipuka, ukanyolewa tena. Kisha ghafla, baada ya karatasi ya mwisho ya KCSE, ukawa na uhuru wa kufuga nywele ila huna maarifa. Nani alikufundisha kuziosha, kuzichana, kuzilainisha? Kwa wengi wetu, hakuna.

Kwa mama na shangazi zetu, jibu lilikuwa moja: nenda saluni ukatie dawa, zinyooke, basi. Siku hizi mambo yamegeuka. Ukifungua TikTok kwa dakika tano tu hukosi kumwona mrembo akiponda avokado kwenye bakuli, akivunja yai, akimimina asali, kisha akipaka mchanganyiko huo kichwani huku akikuhakikishia kwamba nywele zitafika mgongoni kabla ya Krismasi. Na si kina dada pekee. Kaka mwenye dredi naye anachemsha rosemari aliyoichuma kwenye ua wa jirani.

Ukiuliza sababu, wengi watasema ni fasheni. Mimi nasema kuna hofu ndani yake, na kuna pesa pia. Na kabla ya kumwaga chakula kichwani, ni vyema ujue kipi unakipata na kipi unadanganywa.

Hofu ya dawa

Oktoba 2022, watafiti wa Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Marekani (NIH) walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Waligundua kuwa miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa wametumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti, yalikuwa asilimia 4.05.

Soma takwimu hizo kwa utulivu. Hazisemi kila aliyetia dawa ataugua. Hata kwa watumiaji wa mara kwa mara, idadi kubwa hawakuugua. Wala utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Lakini ulitosha kuibua kesi nyingi mahakamani Marekani dhidi ya watengenezaji, na habari zikasambaa hadi kwenye simu yako. Binti aliyechomwa ngozi ya kichwa na dawa hiyo akiwa na miaka 10 hakuhitaji kushawishiwa sana. Aliiacha.

Ushuru nao

Ukiiacha dawa, unabaki na nywele za kipilipili zinazohitaji unyevu, kwa hivyo unahitaji kondishona. Hapo ndipo mfuko unapolia. Sheria ya Fedha ya 2022 ilipandisha ushuru wa bidhaa za urembo, zikiwemo za nywele, kutoka asilimia 10 hadi 15. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata, Mswada wa Fedha wa 2023 ukaja na pendekezo la ushuru wa asilimia 5 kwa wigi, nywele bandia, kope na kucha za kubandika, na kelele zake unazikumbuka.

Serikali huziona bidhaa hizi kama anasa. Lakini kwa msichana anayetafuta kazi ya kupokea wageni ofisini, au kijana anayeenda kuhojiwa, nywele nadhifu si anasa. Ataambiwa wazi au kwa macho kwamba anaonekana mchafu. Jamii inakudai nywele nadhifu, serikali inakutoza ushuru kwa kuzitunza, na wewe hujapata ajira. Si ajabu jikoni pamegeuka saluni.

Nywele hazili

Sasa tuje kwenye bakuli lenyewe. Uongo mkubwa unaoenea mitandaoni ni kwamba unaweza "kulisha" nywele. Unywele unaouona umekufa. Sehemu iliyo hai iko chini ya ngozi. Hauwezi kula avokado wala kumeza vitamini. Ukitaka kulisha nywele, kula yai lenyewe, maharagwe na sukumawiki, maana mwili ndio unaozijenga.

Kazi ya kondishona ni nyingine. Kwenye nywele za singa, mafuta ya ngozi huteremka kwa urahisi hadi nchani. Kwenye za kipilipili hukwama kwenye mikunjo, ndiyo maana ncha zako hukauka na kukatika hata kama kichwa kinang'aa. Kondishona huziba pengo hilo: hupaka utando mwembamba, hupunguza msuguano unapochana, na hufanya maji yasitoroke haraka. Ukiona nywele zimerefuka baada ya miezi kadhaa ya kuzitunza, si kwamba zimeota kwa kasi. Kwa wastani nywele huota zaidi kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Tofauti ni kwamba zile zilizoota hazikukatika.

Ukilielewa hilo, utajua kupima kila kitu unachoambiwa upake.

Mafuta ya nazi yana ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale ya madini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu chembe zake ni ndogo kiasi cha kupenya ndani. Kina nyanya wa Mombasa na Lamu hawakusubiri maabara iwaambie hayo. Na usishtuke ukiyanunua Mombasa yakiwa maji, kisha yakaganda ulipofika Nairobi mwezi wa Julai. Hayajachakachuliwa. Huganda tu joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Avokado ina mafuta yanayolainisha. Asali huvuta unyevu. Kiini cha yai kina mafuta pia, ila usiambiwe kwamba protini ya yai itaingia ndani ya unywele na kuukarabati. Ni kubwa mno kupenya. Mala nayo ina uchachu kidogo na mafuta, basi inateleza vizuri, ingawa harufu utaizoea mwenyewe.

Namna ya kutengeneza

Chukua nusu ya avokado iliyoiva kabisa, vijiko viwili vya mafuta ya nazi na kijiko kimoja cha asali. Ponda avokado kwa uma, kisha uipitishe kwenye chujio la chai. Usiruke hatua hii! Mimi niliwahi kuiruka, nikaingia kwenye matatu na vipande vya kijani kichwani. Abiria wa nyuma akaniuliza kwa upole kama nina mba ya aina mpya.

Osha nywele kwanza, zikamue kwa taulo zibaki na unyevunyevu. Zigawe mafungu manne na upake kuanzia nchani kupanda juu, si kwenye ngozi. Funika kwa mfuko wa plastiki safi au kofia ya kuogea kwa dakika 20 hadi 30. Kulala nayo usiku kucha hakukuongezei faida, kunakuharibia foronya tu. Suuza kwa maji ya vuguvugu hadi yatoke safi.

Ukiongeza yai, suuza kwa maji baridi. Ukitumia maji moto, yai litaiva humo humo kichwani, na kulitoa ni kazi ya jioni nzima.

Huna avokado? Kata jani la mshubiri, au alovera kama tunavyoiita mtaani. Lisimamishe kwenye kikombe kwanza ili ule utomvu wa manjano uchuruzike, kwani huwasha ngozi. Kisha kwangua ute ule mweupe, usage, uuchanganye na kijiko cha mafuta. Huu husuuzika kwa maji machache, na nitakwambia kwa nini hilo ni muhimu.

Kabla ya yote, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja. Kama unawashwa, achana nayo. Cha asili hakimaanishi hakidhuru.

Piga hesabu yako

Wengi husema kondishona ya jikoni ni ya bure. Tuseme avokado kwa mama mboga ni Sh40, mafuta na asali ya kutumia mara moja Sh60, na mitungi miwili ya maji Sh40, maana kama unaishi kwenye ploti ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, kila lita ina bei. Hiyo ni Sh140 kwa mara moja. Ukifanya kila wiki, ni Sh560 kwa mwezi. Weka bei za mtaa wako kwenye hesabu hiyo, kisha uulize dukani bei ya chupa ya kondishona ya kawaida itakayokutosha mwezi mzima. Huenda ukakuta chupa ni nafuu, hata ikiwa na ushuru wake.

Na tuseme ukweli: kondishona ya dukani ina kitu ambacho bakuli lako halina. Ina kemikali zenye chaji chanya zinazonata kwenye unywele uliochakaa, hivyo utando hubaki hata baada ya kusuuza. Avokado huondoka na maji.

Kwa hivyo jikoni kunakufaa lini? Unapokuwa na avokado iliyoiva kupita kiasi na hakuna wa kuila. Unapokuwa na mafuta ya nazi nyumbani tayari. Unapokuwa na mshubiri uani. Au usipoelewa maneno yaliyoandikwa nyuma ya chupa na hutaki kubahatisha. Lakini kununua yai la chakula cha jioni ukalipake kichwani kwa sababu mtu wa TikTok amesema, hapo umeibiwa mara mbili.

Wanaokuuzia ndoto

Kuna mambo mengine ni hatari. Soda ya kuokea huumiza nywele kwa ukali wake. Maji ya ndimu ngozini, ukatoka nayo juani, yanaweza kukuachia vidonda. Maji ya karafuu yaliyokolea huwasha. Rosemari ina utafiti mmoja wa mwaka 2015 unaotajwa sana: uliwahusu watu 100 wenye upara wa kurithi, kwa miezi sita, na nusu yao walitumia mafuta ya rosemari, si majani yaliyochemshwa kwenye sufuria ya chai. Ni mwanzo mzuri wa utafiti, si hakikisho la nywele zako kufika kiunoni.

Kama una mba sugu, usimwagie mafuta ngozi ya kichwa. Kuvu wanaohusishwa na mba hula mafuta hayo, kwa hivyo unawaandalia karamu. Na kama una mapunye, au nywele zinatoka kwa mabaka, au mstari wa mbele unarudi nyuma kwa sababu ya kusuka kwa kubana, hakuna avokado itakayokuponya. Fungua hizo rasta, umwone daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa nywele zilizong'olewa kwa miaka zinaweza kukosa kurudi kabisa.

Jingine ni mchanganyiko unaouzwa kwenye chupa isiyo na lebo, eti ni "asili tupu" na utakaa kabatini miezi sita. Mafuta matupu yanaweza kukaa, kwa sababu hayana maji. Lakini chochote chenye avokado, mala, mshubiri au maji huanza kuoza baada ya siku chache. Kikikaa miezi sita bila kuharibika, muuzaji ametia kihifadhi na hakukwambia. Kikiwa hakina kihifadhi, anakuuzia bakteria. Chako cha nyumbani tengeneza leo, tumia leo, kinachobaki tupa.

Na kama wewe ndiwe unayetaka kugeuza bakuli lako kuwa biashara, hongera, nchi inahitaji wabunifu. Lakini pitia KEBS upate nembo ya ubora. Shirika hilo lina mpango kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Andika kwenye lebo kilichomo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mteja wako ni yule yule binti aliyenyolewa miaka minne, anayekuamini kwa sababu hana mwingine wa kumuuliza.

Hapo ndipo shule zetu zinapotuangusha. Zinatufundisha kwamba nywele ni usumbufu wa kunyolewa, halafu tukitoka, kila anayeuza kitu anapata kichwa kisichojua chochote. Somo la saa moja kuhusu namna ya kuosha, kulainisha na kusuka bila kubana lingewaepushia wengi gharama za saluni na za hospitali.

Hadi siku hiyo ifike, Jumamosi hii angalia kilichomo jikoni kabla ya kwenda dukani. Avokado ikiwa imara, ile na ugali. Ikiwa imelainika hadi hakuna anayeitaka, ichuje vizuri, na uhakikishe mtungi una maji ya kutosha kusuuza.