Fundi Asikimbilie Kabureta

Ni jambo la kusikitisha kwamba wenye magari ya zamani wanaendelea kupoteza pesa kwa maradhi ambayo tiba yake ni rahisi. Mfano ulio wazi ni Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, na likabeba abiria wa masafa marefu nchini kwa miaka mingi. Hadi leo yapo yanayotembea. Lakini mengine hutetemeka kama mgonjwa wa homa yanaposimama yakinguruma, ilhali barabarani hutulia kana kwamba hayana neno.

Gari hilo lifikapo gereji, fundi hushika bisibisi akageuza skrubu ya kabureta ili injini izunguke kwa kasi zaidi. Mtetemo hupungua, malipo hutolewa. Baada ya wiki moja maradhi hurudi, na fundi husema kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Huko si kutengeneza; ni kubahatisha kwa pesa za mwenzio.

Yafaa ikumbukwe kwamba injini inapozunguka polepole, kilango cha hewa ndani ya kabureta huwa karibu kimefungwa, na mvuto katika manifoldi huwa mkali. Wakati huo, ufa mdogo kwenye gasketi, au mpira uliopasuka wa kuelekea servo ya breki, huingiza hewa isiyopitia kabureta. Mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha, na silinda hushindwa kuwaka sawasawa. Mwendo ukiongezeka, hewa ya ufa huwa kidogo ikilinganishwa na ile inayopita njia yake halali. Ndiyo sababu kasoro hujificha.

Upimaji basi una utaratibu. Kwanza, plagi, pointi na nafasi za vali zikaguliwe. Pili, waya za plagi zichomolewe moja moja kwa koleo lenye kinga: silinda ambayo ikinyimwa moto mngurumo haubadiliki, hiyo ndiyo mgonjwa. Tatu, mpira wa breki ubanwe. Mtetemo ukikoma, mwizi amepatikana. Kabureta iguswe mwisho.

Aidha, hili si suala la pesa pekee. Mpira huo ndio unaoipa servo nguvu ya kumsaidia dereva kufunga breki. Ukipasuka, kanyagio huwa gumu na gari huchelewa kusimama. Anayeficha mtetemo kwa bisibisi huenda anaficha ajali.

Hatuna budi kuvihimiza vyuo vya ufundi visiwafunze vijana kutegemea kompyuta pekee, kwani gari hili halina kompyuta ya kuulizwa. Waketi na mafundi wazee kabla ujuzi huo haujazikwa. Nao wenye magari wadai kuonyeshwa kilichoharibika kabla ya kulipa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu waweza kugharimu maisha ya mtu.