Bei ya gunia: Namna ya kusoma jedwali kabla ya kuuza mahindi

WAKULIMA wengi wa mahindi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini huuza mazao yao kati ya Juni na Agosti, wakati madeni ya pembejeo na mahitaji ya shule yanawasubiri na bei iko chini. Ifikapo Januari, baadhi yao hurudi sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu kuliko waliyouzia.

Takwimu za kupima uamuzi huo zipo. Wizara inayohusika na biashara hutoa majedwali ya bei za jumla za mazao makuu ya chakula, mkoa kwa mkoa, yakionyesha bei ya chini na bei ya juu. Benki Kuu huchapisha wastani wa bei hizo katika taarifa yake ya kila mwezi, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa fahirisi ya bei. Magazeti na redio huzirudia takwimu hizo.

Tatizo ni kwamba jedwali husomwa kwa haraka. Jicho hukimbilia tarakimu kubwa kuliko zote na kuacha maandishi yaliyo juu yake. Dalali na mnunuzi mkubwa hawafanyi hivyo, na hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapopoteza.

Tuchukue jedwali lifuatalo. Tarakimu zake ni za mfano tu, ili hesabu ionekane wazi.

Bei ya jumla ya mahindi, gunia la kilo 100 (Sh)

| Mwezi | Soko la mkoani | Soko la Dar es Salaam |
|---|---|---|
| Julai | 45,000 – 55,000 | 68,000 – 80,000 |
| Septemba | 52,000 – 60,000 | 72,000 – 84,000 |
| Novemba | 60,000 – 72,000 | 80,000 – 94,000 |
| Januari | 70,000 – 84,000 | 92,000 – 106,000 |

Anza na kichwa cha jedwali

Kabla ya kutazama tarakimu yoyote, msomaji ajibu maswali manne: ni bei ya kipimo gani, ya soko gani, ya tarehe gani, na ni ya jumla, ya rejareja au ya shambani?

Swali la kipimo ndilo linaloumiza wengi. Jedwali linasema gunia la kilo 100. Mnunuzi anayefika kijijini mwezi Julai na kutoa Sh55,000 kwa gunia anaonekana kulipa vizuri kuliko bei ya katikati ya soko la mkoani, ambayo ni Sh50,000. Lakini ikiwa gunia lake ni lumbesa lenye kilo 120, hesabu inageuka. Sh55,000 ukigawa kwa 120 unapata takriban Sh458 kwa kilo, wakati Sh50,000 kwa kilo 100 ni Sh500 kwa kilo. Bei iliyosikika kubwa ni ndogo kwa Sh42 katika kila kilo.

Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi, lakini agizo pekee halimsaidii mkulima asiyekuwa na mizani. Njia rahisi ni kugeuza kila bei, iwe ya debe, ya gunia au ya tani, kuwa bei ya kilo moja kabla ya kulinganisha.

Aina ya bei nayo ina uzito wake. Bei ya jumla ya Dar es Salaam si bei ya shambani. Ndani yake kuna nauli ya lori, ushuru, upakiaji na ushushaji, malipo ya dalali na faida ya aliyesafirisha. Mkulima anayeitumia kama kipimo cha haki yake kijijini atagombana na kila mnunuzi bila sababu ya msingi.

Wastani unaficha hasara

Kwa mfanyabiashara anayenunua mkoani na kuuza Dar es Salaam, jedwali la mfano linaonyesha bei ya katikati ya Sh50,000 kwa Sh74,000 mwezi Julai. Tofauti ni Sh24,000 kwa gunia. Tuseme gharama zake zote za njiani ni Sh18,500. Anabaki na Sh5,500, na biashara inaonekana kulipa.

Hata hivyo, hakuna anayehakikishiwa bei ya katikati. Akinunua kwa bei ya juu ya mkoani, Sh55,000, kisha akakuta soko la Dar es Salaam limejaa na kuuza kwa bei ya chini, Sh68,000, tofauti inakuwa Sh13,000. Ukitoa gharama, amepata hasara ya Sh5,500 kwa kila gunia. Akibahatika pande zote mbili, kununua kwa Sh45,000 na kuuza kwa Sh80,000, faida ni Sh16,500.

Kwa hiyo jibu kamili la jedwali si "faida ya Sh5,500". Jibu ni kuwa matokeo yanaweza kuwa popote kati ya hasara ya Sh5,500 na faida ya Sh16,500. Mwenye magunia 10 ya mtaji wake anaweza kuvumilia hali hiyo. Mwenye magunia 100 ya fedha za mkopo anapaswa kufikiri mara mbili.

Asilimia 54 zinazoyeyuka

Katika soko la mkoani, bei ya katikati imepanda kutoka Sh50,000 Julai hadi Sh77,000 Januari. Ongezeko ni Sh27,000, sawa na asilimia 54. Dar es Salaam imepanda kutoka Sh74,000 hadi Sh99,000, yaani Sh25,000 au asilimia 34. Kwa shilingi, masoko haya yanakaribiana. Asilimia zinatofautiana kwa sababu bei ya kuanzia mkoani ni ndogo. Ndiyo maana kila asilimia lazima iulizwe: asilimia ya nini?

Swali kubwa zaidi ni kama zile asilimia 54 zinaingia mfukoni mwa anayehifadhi. Tuseme dawa na mfuko vinagharimu Sh4,000, na stoo ni Sh1,000 kwa mwezi, yaani Sh6,000 kwa miezi sita. Tuseme pia dumuzi, panya na kukauka kwa nafaka vimeondoa kilo tano. Januari zinabaki kilo 95, ambazo kwa Sh770 kwa kilo ni Sh73,150. Toa gharama za Sh10,000, zinabaki Sh63,150. Ukilinganisha na Sh50,000 za Julai, nyongeza ni Sh13,150, ambayo ni asilimia 26.

Kama mkulima huyo ana deni la Sh50,000 linalotozwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, ambalo angelilipa Julai kwa kuuza gunia hilo, riba ya miezi sita ni Sh9,000. Nyongeza inashuka hadi Sh4,150. Na kama hifadhi ni mbovu na zimepotea kilo 15 badala ya tano, mauzo ni Sh65,450. Baada ya gharama na riba anabaki na Sh46,450, pungufu ya ambazo angepata Julai.

Maana yake ni kwamba mkulima asiye na deni na mwenye hifadhi nzuri ana sababu ya kusubiri, na mwenye deni la riba kubwa na ghala bovu anaweza kuwa sahihi kuuza mapema. Njia ya tatu ni kuuza sehemu, kulipa deni, na kuhifadhi kilichobaki katika mifuko isiyopitisha hewa.

Grafu inapodanganya macho

Grafu husomwa kwa urahisi kuliko jedwali, na kwa sababu hiyo hupotosha kwa urahisi zaidi. Mhimili wa bei ukianzia Sh40,000 badala ya sifuri, nguzo ya Julai (Sh50,000) itakuwa na kimo cha Sh10,000 na ya Januari (Sh77,000) kimo cha Sh37,000. Macho yataona bei imepanda karibu mara nne, wakati ukweli ni mara moja na nusu. Soma tarakimu za pembeni kabla ya kuamini urefu wa nguzo.

Mkanganyiko mwingine ni wa grafu ya mfumuko wa bei. Kwa takwimu za NBS, wastani wa mfumuko kwa mwaka ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Mstari unashuka, na wengi husema bei zimeshuka. Si kweli. Kinachopungua ni kasi ya kupanda. Kapu la bidhaa lililogharimu Sh100,000 kwa wastani wa mwaka 2021 liligharimu takriban Sh111,600 mwaka 2024. Mkulima ambaye bei ya gunia lake ilibaki pale pale katika miaka hiyo alizidi kupungukiwa.

Jedwali halijui kesho

Bei za msimu uliopita zinaonyesha mwelekeo wa kawaida. Hazitoi ahadi. Juni 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na waliohifadhi wakitegemea bei kupanda kama kawaida walikuta soko limedorora. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kabla ya kulegeza kwa masharti baada ya siku chache. Hakuna mstari wa grafu uliotangulia kuonyesha mambo hayo.

Aidha, msimu hutofautiana. Maeneo yenye mvua za vuli na masika huvuna mara mbili, hivyo Januari na Februari mahindi mapya ya vuli yanaweza kuzuia bei kupanda. Anayetumia grafu ya Songea kuamua mambo ya Kagera atakosea hata kama hesabu yake ni sahihi.

Vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima vinaweza kufanya kazi hii kwa gharama ndogo: mizani moja, daftari la bei za kila wiki kwa kilo, na mtu mmoja wa kujumlisha gharama za hifadhi. Baada ya misimu mitatu kikundi kitakuwa na jedwali la soko lake chenyewe, na mnunuzi akifika na bei yake ya gunia, swali la kwanza kumuuliza litakuwa gunia hilo ni la kilo ngapi.