Safari ya Zanzibar Ianzie Mfukoni mwa Asiye na Bumu

Kila UE zikikaribia kuisha, magrupu yetu ya WhatsApp hubadilika. Past paper zinapungua, picha za Zanzibar zinaongezeka: bembea iliyofungwa baharini Nungwi, bwawa la kuogelea lenye maji ya bluu, sinia la chai linaloelea juu ya maji utadhani limesahauliwa. Chini yake mtu anaandika, "Wanangu, tumalize mwaka kwa heshima. Nani yupo?" Wanaojibu haraka ni walewale. Wengine wanasoma na kunyamaza.

Makala hii inahusu hao wanaonyamaza.

Niweke wazi mapema nisieleweke vibaya. Sipingi wanachuo kwenda Zanzibar. Naamini kila anayesomea ualimu nchi hii anatakiwa afike pale hata mara moja kabla hajashika chaki. Ninachopinga ni mpangilio wetu. Tunaanza kuchagua hoteli, kisha tunatangaza bei, mwisho tunahesabu watu waliobaki. Naomba tugeuze: watu kwanza, bei ifuate, pa kulala patafutwe mwisho.

Tuongee hesabu kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Pendekezo la mwisho nililoliona kwenye grupu la darasa letu lilikuwa shilingi 450,000 kwa kichwa, siku tatu, usiku mbili, hoteli ya ufukweni. Hizo ni siku 45 za bumu. Kwa mtu aliyepanga geto hapa Kilakala, siku 45 ni kodi ya chumba, ni unga na maharage, ni hela ya kuchapa assignment, ni bodaboda siku mvua ya Uluguru inaposhuka asubuhi. Anazitoa zote kwa usiku mbili.

Na huyo ana bumu. Kuna wenzetu hawana kabisa. Ada yao inatoka kwenye gunia la mahindi, kwenye ndizi zinazoshushwa mlimani, kwa kaka anayeendesha bodaboda Msamvu. Mtu wa namna hii akiona 450,000 kwenye grupu hana la kuandika. Atanyamaza, au atasema ana msiba nyumbani, au ataenda kwenye ile mikopo ya kausha damu ili asionekane amebaki. Namfahamu mmoja aliyerudi na picha kali kuliko za wote, kisha akaanza TP akiwa anadaiwa, anakula mara moja kwa siku na kuingia darasani kufundisha watoto wa kidato cha pili umuhimu wa mlo kamili.

Najua jibu linalokuja: "Asiye na hela si abaki? Kwani amelazimishwa?" Kama ni washkaji watano wamejichanga waende kula bata, sina neno. Hela yao, likizo yao. Lakini safari ikiitwa "safari ya darasa", ikatangazwa na CR, ikachapiwa fulana zenye jina la kozi, na picha zake zikawekwa kama kumbukumbu ya wahitimu, hapo imechukua jina la watu wote. Huwezi kutumia jina la watu 80 kwa mpango uliopimwa kwa mifuko ya watu 15.

Tujiulize pia ule mpango wa hoteli tumeutoa wapi. Hoteli kubwa za Nungwi, Kendwa na pwani ya mashariki zilijengwa kwa ajili ya mtu anayeshuka na ndege kutoka mbali, asiyejua lugha wala njia, anayetaka kila kitu kiwe ndani ya ukuta mmoja: kulala, kula, kuogelea, ngoma za jioni. Ni biashara halali. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje, wakati wakazi wake kwa sensa ya 2022 ni takriban milioni 1.9. Bei zinapangwa kwa kumtazama mgeni huyo, mara nyingi kwa dola, na zinapanda Julai na Agosti kwa sababu ndiyo likizo ya kiangazi Ulaya. Sasa angalia kalenda yetu: UE za semesta ya pili zinaisha lini? Palepale. Yaani tunakwenda kushindana bei na mtu wa Milan, tukiwa na bumu la Morogoro.

Wakati huohuo tunaziacha faida tulizonazo. Mgeni kutoka nje, tangu 1 Oktoba 2024, anatakiwa kulipia bima ya dola 44 kuingia Zanzibar, sisi haituhusu. Kwenye boti mwananchi ana nauli yake, chini ya ile ya mgeni, mradi ana kitambulisho. Tunajua kupanda daladala, na za kwenda Nungwi, Paje na Makunduchi zipo kila siku. Tunajua kuuliza, "Samahani mama, hapa chakula cha bei ya kawaida kinapatikana wapi?" tukajibiwa. Kiswahili peke yake ni punguzo la bei ambalo mtalii halipati. Ukijifungia hotelini umelirudisha.

Wiki hiyo ya lile pendekezo tulikaa watatu hapa Kilakala tukapiga hesabu upya. Treni ya SGR kutoka Morogoro hadi Dar, daraja la kawaida, ni shilingi 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Boti ya daraja la kawaida kwa nauli ya mwananchi. Kulala kwenye gesti za kawaida upande wa Ng'ambo, ambako wenyeji wenyewe wanaishi, watu wawili au watatu chumba kimoja. Kula urojo, chapati na maharage, wali na samaki kwa mama ntilie. Siku moja nzima ya ufukweni kwa daladala, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Tulijiwekea kikomo cha 200,000 na siku tatu zikaingia. Hiyo haifiki nusu ya lile pendekezo, na bado ni hela nyingi. Lakini ukiweka 1,000 kila siku kuanzia semesta ya kwanza, siku 200 zinakufikisha. Asiye na bumu anaweza kuingia kwenye mchezo wa darasa wa 5,000 kwa wiki. Inataka miezi tisa ya kujipanga, wakati sisi tumezoea kutangaza wiki mbili kabla.

Sehemu moja tu msibane matumizi: boti. Watu wa bara wengi hatujui kuogelea, tusidanganyane. Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikielekea Pemba, na Julai 2012 MV Skagit iliyotoka Dar kwenda Unguja, na zote ziliua watu wengi. Boti ya abiria iwe ile inayofahamika, yenye tiketi iliyoandikwa jina lako. Na kale kaboti ka kwenda Changuu kuona makobe, kama hakana jaketi la kuokolea kwa kila mmoja, teremkeni.

Tarehe nayo ni hela. Likizo fupi ya Februari na Machi, kabla masika hayajakolea, bei ni nafuu kuliko Julai. Ila angalieni mwezi. Ikiwa ni Ramadhani, mchana sehemu nyingi za chakula zimefungwa, na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji adabu. Vilevile kwenye mavazi: kaptura fupi na bega wazi viishie ufukweni. Mgeni wa Ulaya akikatiza Darajani na nguo ya kuogelea, watu wanasema hajui. Mimi na wewe tuliokaa darasa moja na watoto wa Kiislamu tangu chekechea, tutasema nini?

Sasa nije kwa walimu wenzangu watarajiwa, maana hapa ndipo linaponiuma zaidi. Tunaenda Zanzibar, tunarudi, na mwaka unaofuata tunasimama mbele ya wanafunzi kufundisha biashara ya utumwa kwa kusoma kitabu. Mkunazini pale, mwendo mfupi kwa miguu kutoka bandarini, lilikuwepo soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioukubali Sultan Barghash. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa juu ya eneo lilelile. Na jambo hilo si la watu wa mbali. Misafara iliyotoka bara kwenda Bagamoyo ilipita hapahapa Morogoro. Mji wenye ngome wa Kisabengo, ambao Stanley aliupita mwaka 1871, ulikuwa kwenye njia hiyo. Waliouzwa Mkunazini wapo waliokanyaga udongo huu tunaoukanyaga tukienda lecture. Mwalimu wa Historia aliyesimama pale, akarudi akasimama hapa, hatafundisha somo lile kama zamani.

Anayechukua Kiswahili naye ana deni lake. Kiswahili sanifu tunachosahihishia insha kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini pale, kwa uamuzi uliofikiwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Wengi tulisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi tukiwa A-level, tukakariri wahusika na dhamira, bila kujua vichochoro vya Mji Mkongwe vina upana gani. Kaa barazani nusu saa usikilize wazee wanavyobishana. Ni bure, na haipo kwenye ratiba ya hoteli yoyote.

Hata ile ziara ya viungo. Tunalipa kuonyeshwa mdalasini, iliki na karafuu mashambani Unguja, tunapiga picha na majani masikioni. Viungo hivyohivyo vinalimwa Kinole, Mkuyuni na Matombo, nyuma ya mlima tunaouona kila asubuhi kutoka Kilakala, na vinauzwa soko la Kingalu. Sisemi usiende shamba la Unguja. Nasema nenda Kinole kwanza, nauli ni ndogo, ili ukifika kule uwe na la kuuliza: kwa nini karafuu ya kule ikatengeneza ufalme na ya kwetu ikabaki kilimo cha familia? Jibu litakurudisha Mkunazini, maana mashamba yale ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa.

Na ukifika Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, utawaona akina mama wameinama kwenye mistari ya kamba. Hao ni wakulima wa mwani, kilimo kilichoshika huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambacho kinategemea wanawake kwa sehemu kubwa. Bahari imepata joto, na aina ya mwani wenye bei nzuri inakufa kwenye maji ya kina kifupi. Wengi tunapita nao kwenye picha kama mapambo. Wasalimie, "Shikamoo mama, kazi inakwendaje?" Ni somo la Jiografia ambalo chuo hakijakulipisha.

Mwenzangu mmoja aliposikia haya alicheka: "Kaka, sisi tunaenda kupumzika, wewe unatupangia field." Ana haki. Miaka mitatu ya test na supp inachosha, na hakuna aliyemuuliza mtalii wa Milan kama amesoma historia kabla ya kuoga bahari. Ogeleeni, chezeni mpira mchangani, pigeni picha mpaka simu zijae. Katika siku tatu nilizozipigia hesabu, moja nzima ni ya bahari. Ninachokataa ni kwamba kupumzika lazima kuwe kwa 450,000, na kwamba lazima nusu ya darasa ibaki geto ili sisi tupumzike vizuri.

Basi kamati zetu za safari zifanye mambo manne, hayahitaji kikao cha serikali ya wanafunzi. Kwanza, kabla ya kutaja hoteli yoyote, kila mmoja aandike kwenye karatasi bila jina kiasi anachoweza kutoa bila kukopa. Bei ya safari ipangwe karibu na wale wa chini, siyo katikati. Pili, michango ianze semesta ya kwanza, kidogo kidogo, na atakayeshindwa njiani arudishiwe hela yake. Tatu, hela isikae kwenye simu ya mtu mmoja; wawe watu wawili, na mahesabu yawekwe kwenye grupu kila mwezi. Nne, ile tabia ya kubandika orodha ya "ambao hawajalipa" ikome. Tunasomea kazi ambayo kesho itatukalisha mbele ya mtoto ambaye hajalipa mchango wa chakula cha shule. Namna tunavyomtendea mwenzetu leo ndiyo namna tutakavyomtendea mtoto huyo.

Anayetaka kulala hotelini, akiongeza hela yake, aende akalale. Kesho asubuhi tutakutana naye Darajani. Lakini mwaka huu wa masomo, CR atakapoandika "Zanzibar, nani yupo?", naomba wa kwanza kujibu asiseme "Nipo." Aulize, "Nani hataweza, na tufanyeje aweze?"